Piga na Pika

Tangu reli ifike Sisibo, Phineas alikuwa karani na mkalimani wa shamba moja la mahindi na ng'ombe wa maziwa nje ya mji. Sisibo ndiyo Eldoret: nambari ya shamba la Wazungu, siksti-foo, iliingia vinywani mwa Wanandi ikatoka hivyo. Phineas mwenyewe alikuwa Mmaragoli, na kazi yake ilikuwa kubeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Siku hizi yalimlemea kuliko magunia.

Jioni moja ya mavuno, kabla hajaonja hata chai, aliitwa barazani. Bwana, Kaburu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa amesimama na kiboko mkononi. Mbele yake alikuwa Kipyego, mkamuaji wa Kinandi, kofia ameishika kifuani.

"Dama yangu moja iko potea," Bwana alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi nauliza huyu, wewe nafanya nini na dama? Yeye nasema napika! Napika dama yangu!"

"Ni kweli, pwana," Kipyego akasema kwa unyenyekevu. "Nilipika. Ilikuwa inakula mahinti."

Phineas alielewa palepale. Katika ulimi wa Kipyego, b na p ni ndugu, na g na k hulala kitanda kimoja. Mtu huyu alikuwa amempiga ndama kumtoa kwenye mahindi, hakumtia chunguni.

"Hapana, Bwana," akasema. "Si gupiga. Ni gupika."

Alilisikia kosa lake, lakini neno lilikwisha kutoka. Ulimi wa kwao nao ulikuwa na mambo yake: penye k huweka g, penye g huweka k, hasa mwenyewe akichoka. Misheni walimchapa kwa ajili hiyo, wakaacha.

Uso wa Bwana ukaiva. "Hata karani nasema napika!"

Phineas akajaribu tena, likatoka lilelile. Mwishowe aliachana na maneno. Akajichapa kofi pajani, pa! Akaonyesha mahindi kwa kidole, kisha akakimbia kama ndama mwenye hofu, mzee mzima mwenye mvi, akirukaruka barazani. Bwana alimkodolea macho, halafu akacheka hadi akashika nguzo. Kipyego naye akatabasamu. Phineas alidhani mambo yamekwisha.

Kabla hawajatawanyika, wachungaji walimleta yule ndama. Walikuwa wamemkuta mtaroni, mguu wa nyuma umevunjika. Kicheko cha Bwana kikakatika.

"Kumbe kweli wewe napiga," akasema, na sasa neno lilitoka safi. "Kesho toka shamba yangu. Wewe, bibi, toto, ng'ombe yako yote. Karani, ambia yeye."

Kipyego alikuwa ameshasikia, lakini amri ni amri. Phineas alimwambia kwa Kinandi chake cha kuokoteza. Alitafuta neno la kuhama asilipate, akasema tu, "Nenda."

Walishuka pamoja hadi kwenye vibanda.

"Mzee, nilipika mara moja tu, na fimpo nyembamba," Kipyego alisema. "Lapta iliruka mtaro ikaanguka."

"Najua."

"Ungeniacha na ile ya chungu. Wangetafuta mifupa, wakose, yaishe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Phineas alipofika kwake, mkewe Kavetsa alimuuliza Bwana alitaka nini. Akaomba maji, akayanywa, akalala.

Asubuhi alikwenda kuwasaidia. Jelagat, mke wa Kipyego, alikuwa amekwisha kufunga ngozi na vyungu, mtoto mgongoni. Phineas alijitwika furushi moja mpaka barabara iendayo Ziwa, mahali ambako walikuwa na jamaa. Njia nzima hakuna aliyemlaumu, wala aliyemshukuru. Walipoagana Jelagat alimpa kibuyu cha maziwa ya mgando anywe kwanza. Yalikuwa baridi, yenye ladha ya majivu ya kusafishia kibuyu. Alikunywa amesimama, akiwatazama ng'ombe wao wakizama katika vumbi. Kisha akarudi taratibu, ingawa kengele ya kukamua ilikuwa imelia zamani, na zizini hakukuwa na mtu.