Uzi Chini ya Waya

Naanza kwa jina la Mola, aliyekifanya kinywa kuwa mlango wa riziki na wa sifa Zake, akaupamba kwa meno kama lulu zilizotungwa. Kwake ni shukrani, na kwa Mtume Wake rehema na amani. Baada ya hayo, nawataja watu wa habari hii kwa daraja zao. Wa kwanza ni Manase, Mbena wa Makambako, fundi cherehani na mpiga tarumbeta ya kwanza katika bendi ya kanisa lake la Kilutheri. Wa pili ni Getruda mkewe, Mama Abrahamu, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wa mumewe. Wa tatu ni Nahumu, mpiga tarumbeta ya pili, aliyeitamani ya kwanza kwa miaka saba. Wa mwisho ni daktari wa misheni kule Njombe, Mzungu wa maneno machache.

Ilikuwa zama za Waingereza, Kwaresima ikikaribia. Manase alimsaidia dereva kuwasha lori kwa hendeli; hendeli ikarudi kwa nguvu, ikampiga kinywani. Meno manne ya mbele ya juu yakalegea, yakalala kuelekea ulimini. Alifika Njombe juu ya magunia, kitambaa chenye damu mdomoni, akiwaza jambo moja tu: alfajiri ya Pasaka, bendi iendapo makaburini kuwapigia waliolala, nani atainua sauti ya kwanza? Maana mdomo wa mpiga tarumbeta huegemea meno, na pasipo meno hauna pa kuegemea.

Daktari aliyanyoosha, akayafunga kwa waya mwembamba pamoja na yale mazima ya kando.

"Wiki sita," alisema. "Usafishe kila ulapo. Uchafu ukikaa chini ya waya, fizi zitaoza, nami nitayang'oa yote manne."

Manase aliitikia, lakini moyoni alikuwa na elimu nyingine. Kwao mfupa uliovunjika hufungwa kwa vijiti vya mianzi, wala hauguswi mpaka aliyeufunga aje kuufungua. Waya ule akauhesabu kuwa sawa na vijiti vile. Basi akala ugali, akanywa ulanzi mtamu, ile pombe ya mianzi, akafumba mdomo kwa adabu, akijiona mgonjwa mtiifu kuliko wote.

Siku ya kumi na nne, aliporudi Njombe, fizi zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu kama nyama mbichi. Daktari alizitazama, akaweka koleo mezani.

"Nakupa siku saba."

Manase alipofika nyumbani alimkuta Nahumu amekaa barazani.

"Kamwene, kaka," akamsalimu Kibena. "Nimekuja kuichukua tarumbeta, niizoee mapema. Haipulizwi kwa fizi hizo."

"Ngoja kwanza nizikwe."

"Kwa harufu hii, kaka, nilidhani umekwisha kuzikwa!"

Getruda alicheka, kisha akamtazama mumewe, akaacha kucheka. Jua likielekea kutua, Manase alikaa kulisafisha cherehani lake kama desturi yake, akipitisha uzi chini ya mguu wa mashine na kuvuta nyuzinyuzi zilizonasa humo.

"Baba Abrahamu, skrubu hizo hazilegei ukizitoa taka?"

"Zitalegeaje? Taka ndiyo iuayo mashine."

"Ala! Nawe kinywa chako kimefungwa skrubu gani, hata uzi usipite? Chuma cha Mzungu unakisafisha kila jioni. Kinywa alichokupa Mungu umekigeuza jaa."

Manase akakata uzi, akaupitisha kwenye nta ya nyuki ncha yake ipate kukakamaa, akashika kioo cha wateja, akauingiza chini ya waya, jino baada ya jino, akisugua polepole hadi ukingo wa fizi. Damu ilitoka. Majirani wakasema anajitonesha. Yeye akaongeza mswaki wa kijiti alioutafuna ncha hadi ukalainika, akisugua juu ya waya na chini yake, kisha akasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ulanzi akauacha, na muwa, na mahindi ya kuchoma. Mteja akimletea kiazi, alikila, akaomba radhi, akatoka nje na uzi wake. Siku ya tano damu ilikoma.

Siku ya saba daktari alibonyeza fizi, moja moja. Hakuna kilichotoka. Koleo likarudi kabatini.

"Nani amekufundisha?"

"Mke wangu na cherehani langu, Bwana Daktari."

Waya ukakatwa siku chache kabla ya Pasaka. Meno yalikuwa yamesimama wima, meupe, imara kama nguzo.

Alfajiri ya Pasaka ukungu ulifunika makaburi ya Makambako. Manase aliweka tarumbeta mdomoni, akahisi meno yake manne yakiipokea bila kutikisika, akapuliza. Sauti ikapanda juu ya ukungu, safi, haikuyumba hata nukta moja. Getruda akapiga kigelegele mahali ambapo hakikuzoeleka kupigwa, wala hakuna aliyemkemea. Nahumu akaishika sauti ya pili kwa nguvu zake zote, na walipomaliza akafuta macho.

"Kaka, leo nimeshindwa na uzi."

"Njoo dukani," Manase akamwambia. "Nitakukatia wako."

Ewe Mola, walio katika habari hii Wewe ndiwe ujuaye makao yao. Nasi tuliobaki, na watoto wetu, tujaalie vinywa safi vya kukutaja, na masikio ya kuwasikia watuambiao kweli nyumbani mwetu. Amina.