Mkoba Uliopwaya

Mama Futikamba, kama wateja walivyozoea kumwita, alipanda ngazi za duka kwa kujikokota. Tangu alfajiri alikuwa kwenye cherehani, na miguu ilimvimba mpaka kandambili zikambana. Lakini angefanyaje? Binti yake alikuwa akisafiri saa kumi jioni kwenda kuanza kazi, na kompyuta aliyotakiwa aende nayo ilikwisha kuanguka mara moja. Fundi aliyeitengeneza alisema waziwazi: ikianguka tena, wasimpelekee.

Binti alikuwa bado anaitumia, kwa hiyo badala ya kwenda nayo dukani, mama alikuwa ameipima kwa futikamba, akaandika vipimo kiganjani.

Muuzaji akamletea mkoba mweusi wenye sponji ndani. Mama akaupima.

"Mdogo huu."

"Mama, mbona unalingana na ulichoandika kiganjani?"

"Mwanangu, nimeshona miaka thelathini. Kitu kisipoachiwa nafasi ya kupumua, kinachanika."

"Haya mama, wewe ndiye mkubwa," muuzaji akasema, akashusha mwingine mpana.

Nyumbani, binti aliitia kompyuta mkobani, akafunga zipu, akautikisa. Kodo! Kodo!

"Mama! Umeipimia gauni? Inacheza humu kama punje kwenye debe!"

Akacheka, kisha akauweka mkoba chini, maana aliuona uso wa mama yake.

Mama alikaa chini pu. Ilikuwa saa nane. Akaziwaza zile ngazi, akaitazama miguu yake.

"Wallahi sirudi kule. Nipe wembe."

Akafumua bitana ya mkoba. Sponji ya kujazia ikakosekana, basi akauvuta mto aliokuwa akiukalia kwenye cherehani, akaupasua bila kusita. Akapima tena, na safari hii hakuongeza hata unyuzi. Mkono ulimkatalia, ukataka kuacha nafasi kama ulivyozoea. Akaushurutisha.

Saa tisa na nusu binti aliisukumiza kompyuta ndani, akautikisa mkoba. Kimya. Akajaribu kuitoa, ilibidi aushike mkoba kwa magoti.

"Inabana, Mama. Nitakuwa naitoaje mbele za watu?"

"Utavuta. Wakicheka, waambie mama yako ndiye kaushona."

Alitaka kuinuka amsindikize, miguu ikagoma.

"Nenda, mwanangu. Niage hapahapa."

Binti akapiga magoti kumuaga, mkoba kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Ubebe begani," mama akasema, macho yakijifumba kwa uchovu. "Hauanguki huo."