Dole Lililokwenda Muheza

Usiku wa jana niliota dole gumba langu la kulia limeondoka kwenda Muheza bila kuniaga.

Niligundua nikiwa kazini. Kazi yangu ni kuwajibu wateja wa mtandaoni wa duka moja la vipodozi hapa Dar es Salaam. Mtu akiuliza bei chini ya picha, mimi huandika: "Njoo inboksi," yaani aje kwenye sanduku la ujumbe wa faragha. Naandika hivyo mara mia mbili kwa siku, na nalipwa. Katika ndoto nilikuwa naandika hivyo hivyo, nikaona herufi hazibonyezeki. Natazama mkono: vidole vinne. Hapakuwa na damu wala maumivu. Palikuwa pamesawazishwa vizuri tu, kama ukuta uliopigwa lipu.

"Usilitafute chini ya meza," simu ikasema. "Liko njiani. Ulilituma mwenyewe."

Hili la kulituma halikuwa ndoto, niseme mapema. Jana mchana mama yangu, anayeishi Muheza, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne na sekunde kumi na mbili. Sikuusikiliza. Mama huanza na salamu, na salamu zake zinatosha kuivisha wali. Nikamtumia kile kipicha cha dole gumba lililosimama, yaani sawa, nimekupata, nikaendelea na losheni zangu. Ndivyo ninavyomjibu siku zote.

"Sasa shida iko wapi?" nikaiuliza simu.

"Mama yako ameuliza swali zito. Dole linakwenda kumjibu kwa niaba yako, leo baada ya alasiri, mbele ya watu."

"Swali gani?"

"Mimi ni simu. Sisikilizi ya watu."

"Basi nifungulie niusikilize huo ujumbe."

"Ukishajibiwa haufunguki. Ukitaka swali, mfuate aliyeuliza."

Nikasimama. Mimi nikiamua jambo nimeamua. Ofisini wananiita king'ang'anizi, na hawanisifii. Sikuwa tayari kidole kinisemee kwa mama yangu, tena kwa swali nisilolijua. Nikamuaga bosi. Bosi alikuwa chupa ya losheni.

Natoka mlangoni, tayari niko stendi. Stendi nzima ina mtu mmoja, wakala wa tiketi, amekaa juu ya sanduku kubwa la mbao.

"Nauli ya Muheza shilingi ngapi?"

"Njoo inboksi," akasema, akainuka na kufungua mfuniko.

Nikaingia. Ndani kuna mabenchi, na kwenye mabenchi wamekaa wateja wangu wote niliowaita inboksi nikasahau kuwajibu. Wengine wamo humo tangu mwaka juzi. Mmoja aliingia akiwa mjamzito. Sasa mtoto anatembea. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Kaka," akasema yule mwenye mtoto, "ile losheni ya karoti bei gani?"

"Elfu kumi na mbili."

"Basi?"

"Basi."

"Si ungeandika pale pale," akasema, akambeba mwanawe. Wakainuka wote, wakatokea upande wa pili wa sanduku, nami nikatoka nyuma yao. Tulikuwa njia panda ya Segera. Wao wakashika njia ya Moshi, mimi nikashika ya Muheza kwa miguu.

Mbele kidogo kuna kizuizi. Roboti amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai ya rangi.

"Thibitisha kwamba wewe si roboti," akaniambia.

"Na wewe je?"

"Mimi sijaulizwa." Akatandaza picha tisa juu ya lami. "Chagua picha yenye mama yako."

Zote ni za wanawake walionipa mgongo, khanga sare, wamekaa kwenye vibao vya mbuzi. Nikajaribu kukumbuka picha ya mama kwenye simu yangu. Ni ua jekundu lenye maneno "Ijumaa Njema". Nikatafuta ua.

"Una nafasi mbili," roboti akasema. "Ya kwanza imekwenda."

"Sijachagua bado."

"Umetafuta ua."

Niliogopa, sifichi. Ni miaka mitatu sijakaa na mama mkeka mmoja, na mgongo wake nilishausahau. Lakini kurudi sirudi. Nikachuchumaa pale pale kwenye lami ya moto, nikaanza kutazama mikono iliyojitokeza ubavuni mwao. Wote wanamenya machungwa. Wanane wameshika kisu kwa mkono wa kulia, mmoja kwa wa kushoto. Mama yangu ni shoto. Nikaigusa picha ile kwa kidole cha shahada.

"Pita," roboti akasema. "Wengi wanageuzia hapa."

Nainua mguu, nauweka nyumbani, sebuleni kwetu. Dole limekaa mkekani, kubwa sawa na mimi, limevaa kofia ya marehemu baba. Kando yake Fundi Semkiwa, mshona nguo wa pale sokoni aliyefiwa na mkewe, anachapa cherehani.

"Kanzu ya nani hiyo, Fundi?" akauliza Shangazi Mwanshamba, dada yake baba.

"Ya kijana wa nyumba hii." Akalipima Dole kwa utepe. "Hana mabega wala mikono, kwa hiyo kazi ni ndogo."

Hakuna aliyeniona mlangoni. Mama alikuwa anamenya chungwa, anaongea na Dole kwa upole ule anaotumia na mimi.

"Mwanangu, nakuuliza tena. Fundi Semkiwa ameleta posa. Baba yako huu mwaka wa saba tangu atangulie. Fundi hana simu ya kugusa, kwa hiyo huja mwenyewe kunijulia hali, kila siku. Nimemzoea. Lakini siwezi kuolewa huku mwanangu mkubwa kanuna huko mjini. Wewe unasemaje?"

Iliniuma. Kwanza iliniuma kwa ajili ya baba na kofia yake. Halafu ikaniuma kwa ajili ya mama, aliyekaa anaomba neno moja kutoka kwa kidole.

Dole likasimama wima.

"Kakubali!" Shangazi akapiga kigelegele.

"Sina hakika," mama akasema. "Nilipomwambia nina presha, alisimama hivi hivi. Nilipomwambia mbuzi kazaa mapacha, hivi hivi."

Nikafungua mdomo nipige kelele. Kinachotoka si sauti. Unatoka uso wa njano unaocheka mpaka machozi, unaanguka mkekani. Najaribu tena: unatoka moto, kisha viganja viwili vilivyounganishwa. Shangazi anachukua fagio, anavizoa pamoja na maganda ya machungwa.

"Nani anatupa takataka humu ndani?"

Nikaushika mwimo wa mlango kwa vidole vyangu vinne. Nikajiambia sitoki hapa mpaka nitoe sauti, hata ikinipasua koo. Na sikutafuta maneno makubwa. Nikaanzia pale anapoanzia mama siku zote.

"Shikamoo, mama."

Cherehani ikanyamaza. Dole likanywea, likanywea, mpaka kofia ikalifunika. Mama akageuka.

"Marahaba, Muhidini. Haya, wewe unasemaje?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaamka.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Dole langu lilikuwa mahali pake. Ujumbe wa mama nao ulikuwa mahali pake, haujaguswa. Sikuufungua. Nilipiga simu.

"Nani kafa?" mama akauliza.

"Hajafa mtu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa mbona umepiga?"

"Jana uliniuliza swali."

"Si ulishajibu?"

"Lile halikuwa jibu. Nakujibu sasa."

Nyuma yake kulikuwa na cherehani inalia, na nikaisikia ikisimama.

"Ngoja kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Niko hapa barazani kwa Fundi Semkiwa. Alivyoona umesema sawa alifurahi, akaanza kukushonea kanzu jana ile ile. Leo tangu asubuhi anashona nguo za wengine, hiyo anaitazama tu, hajielewi. Mtu kashona miaka thelathini, Muhidini, na kanzu kaikata haina mikono."

Nililitazama dole langu. Lilikuwa limetulia kama si lenyewe.

"Mimi nimekubali, mama," nikasema kwa mdomo wangu. "Mwambie aiwekee mikono. Naja kuivaa."