Anayeonja Kwanza

Nimepika miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kunirudishia sahani ikiwa na chakula. Kwa hiyo binti yangu Cindy aliponiandikisha kwenye shule ya mapishi ya Papa Callixte, huku Kirotshe, nilimwambia kichwa chake hakiko sawa. Nifundishwe kupika, mimi, mwanamke wa Masisi?

"Haiko ya kutafuta kazi, Mama," akasema. "Iko ya kujifurahisha tu. Wende ucheke kidogo na bamama wenzako."

Alijua anachosema. Nyumbani nilikuwa nimeacha kucheka.

Basi kila Jumamosi mchana nikafunga aproni nyeupe pamoja na akina mama wengine saba, madirisha yakitazama ziwa. Papa Callixte alipika kwenye hoteli za Goma ujana wake wote, na alikata kitunguu kana kwamba kitunguu kimemtukana. Alitufundisha kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wasivunjike, na kuyeyusha fromaji, jibini yetu ya Masisi, juu ya viazi. Kila mchuzi aliupa jina la Kifaransa, hata ule niliokuwa nikiupika tangu usichana. Nilimcheka, lakini nilipenda. Kwa nini niseme uongo?

Jumamosi ya tatu akafungua chupa ya divai, na Straton akaja kusimama mlangoni.

Straton alikuwa ndugu wa mume wangu Benoît. Ana miaka minane kaburini.

Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, umwone akimeza, ndipo upokee. Hakuna anayeeleza kwa nini, maana kila mtu anaogopa sumu na hakuna anayetaka kuitaja. Mwaka aliokufa Straton tulikuwa tunavuna maharagwe Kashuga. Mimi nilikuwa nimeokoka miezi miwili tu, nimeapa kanisani kwamba pombe haitagusa tena ulimi wangu, na nilikuwa na kiburi chote cha mtu aliyeokoka juzi. Nikapeleka shambani kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Straton alikuwa ameinama anafunga maharagwe. Nikakiweka kibuyu karibu na mke wake, Mukandori, nikageuka kuwahi maombi. Sikuonja.

Straton alikunywa; siku ya tatu tukamzika. Muuguzi alisema ni kipindupindu, na kweli kwenye kambi ya wakimbizi iliyokuwa jirani watu wengine walikufa kwa tumbo hilohilo wiki ile. Lakini nani alimsikiliza muuguzi? Waliponiuliza kama nilionja, nilisema kweli: sikuonja, nimeapa. Ikawa imekwisha: nikaitwa mchawi. Benoît hakuniuliza lolote, ila mpaka leo hanywi hata maji kutoka mkononi mwangu kabla sijaonja. Mukandori aliosha kile kibuyu, akakiweka mlangoni kwangu, akaondoka. Kwa miaka minane hakunisemesha. Vita vilituleta wote wawili Kirotshe, anaishi kwa binti yake karibu na hospitali, na akiniona sokoni anabadilisha njia.

Tangu hapo kiapo changu nilikiacha, na nikimimina chochote, Straton anakuja. Koti lake la kahawia, udongo wa shamba vidoleni, mkono wa kuume umenyooka nusu, kama mgeni anayengoja kupewa. Hana hasira. Naonja, namwonyesha kwamba nimemeza, naye bado anangoja.

Ndiyo maana pale shuleni sikuweza kushika kanuni moja ya Papa Callixte. Tulipokuwa tukihudumiana wawili wawili, mkono wangu, bila mimi kuutuma, ulichukua glasi ya mwenzangu, nikanywa kwanza.

"Mama Cindy! Ulikunywa tena mu verre ya mugeni!" Papa Callixte alipiga kelele. "Divai, mugeni njo anaonja wa kwanza. Anaonja, anakubali, njo unamujazia. Mara ngapi nitasema?"

Darasa lilicheka. Nikacheka nao, macho yangu mlangoni.

Kisha akatangaza kwamba Jumamosi ya mwisho kila mmoja ataleta mgeni wake na kumhudumia, na huo ndio utakuwa mtihani. Nikamtuma Cindy kwa Mukandori. Brevet, cheti cha shule, haikunishughulisha hata kidogo. Nilitaka kitu kimoja: mwanamke yule anywe kutoka mkononi mwangu, watu wakiona.

Cindy alirudi ananitazama kwa mashaka. "Amesema atakuja."

Alikuja. Alikuwa amekonda, kitenge kimemzidi. Akaketi kwenye meza yangu, mgongo wake mlangoni. Nilimwekea sambaza na viazi vya fromaji, hakugusa. Nikafungua chupa, nikammiminia kidogo kama tulivyofundishwa, nikarudi nyuma hatua moja. Papa Callixte alisimama kando na daftari lake, akanitikisia kichwa: ngoja.

Nikangoja. Mukandori aliitazama glasi. Straton alikuwa amefika, koti lake na udongo wake. Nilihisi aibu ya miaka yote minane ikinipanda shingoni, nikashindwa. Nikaichukua glasi, nikanywa.

"Non! Mama Cindy, iko examen!"

"Andika zéro, Papa Callixte," nikasema, nikamwekea Mukandori glasi mbele yake.

Naye akaanza kulia.

"Siko naogopa mukono yako," akasema. "Hata siku moja sikuiogopa."

"Sasa unaogopa nini?"

"Ile siku Straton aliniuliza. Alikuwa ameinama, hakukuona. Aliniuliza: ameonja? Na miye nikamujibu: ameonja, nimemuona." Akajifuta kwa kitenge. "Alikuwa na kiu, dada. Na sikupenda akugombeze. Kisha batu bakaanza kukusema, nikanyamaza. Kama ningefungua kinywa, wangeuliza ni nani alimuambia akunywe."

Nilikasirika. Miaka minane nimebeba jina la mchawi, na neno la kunitua lilikuwa mdomoni mwake! Nilitaka kummwagia divai ile usoni. Nilikuwa nimeshaishika glasi aliponiuliza, kwa sauti ndogo, bila kugeuka:

"Na kwako anakuyaka?"

Hasira ikanikauka yote: Straton alimjia naye pia. "Anakuyaka."

"Iko sasa mu mulango?"

"Iko."

"Na koti yake?"

"Na koti yake."

Akafumba macho. Kumbe alikuwa amekaa mgongo mlangoni kwa sababu alijua.

Nikaijaza glasi, nikavuka chumba. Papa Callixte alikuwa ameshusha daftari lake. Nikasimama mbele ya ule mkono ulionyooka nusu. Nikanywa, nikameza polepole. Nyuma yangu nikasikia kiti kikigeuzwa. Mukandori alikuwa ameuelekea mlango, macho wazi.

"Straton," akaita. "Ameonja. Nimemuona."

Safari hii ilikuwa kweli. Nikainyoosha glasi, nikahisi ikivutwa taratibu kutoka vidoleni mwangu.