Kinu ya Ndugu Jérôme

Mimi Kahambu, miaka kumi na moja niko hapa Berchem-Sainte-Agathe, naosha wazee wa Kibelgiji asubuhi na jioni, na hakuna hata mumoja aliyenilalamikia. Natanguliza hiyo, juu kuko watu kanisani wanaosimulia hii mambo vibaya. Wanasema eti Maman Kahambu alileta dhahabu kwa Ulaya. Bon, nilileta. Sasa nyamazeni, niwaambie namna nilileta.

Ilikuwa 2013, mwezi wa sita. Nilikuwa nimeenda Goma kutafuta karatasi ya mwisho ya mutoto wangu Tatiana. Nilimuacha kwa dada yangu wakati nilikimbia vita, akiwa na miaka sita. Sasa alibakiza juma tatu afike kumi na minane, na avoka wangu, mutu wa sheria, alinionya: dosiye ikiingia mbele ya ile siku, mutoto anakuja, ikichelewa, ni mutu mukubwa, anabaki kule. Tulipewa randevu kwa biro ya wageni, alhamisi ya nyuma ya kurudi kwangu Ulaya. Na mama awe safi, avoka aliniambia. Kazi iko, nyumba iko, kesi kwa polisi hapana. Hata kesi ndogo.

Siku ya kurudi, Ndugu Jérôme akafika na kinu. Jérôme ni muntu wa kanisa letu kule Goma, kravati kila siku, Biblia kubwa kwapani. "Maman, unifikishie hii kwa mudogo wangu Dady, anakaa kwenu kule, Saint-Josse. Bibi yake analilia sombe, majani ya muhogo, ya kuponda na mukono." Kwetu muntu akikupa komisio, unabeba. Ukikatala, kesho mutaa yote itasema Ulaya imekuharibisha. Nikabeba. Weh! Ile kinu ilikuwa nzito! Nikajiambia ni mbao ya Walikale, mbao ya kule haina muchezo.

Kufika uwanja wa ndege wa Zaventem, kijana wa duane, wa kukagua mizigo, akaniita pembeni. "C'est quoi, madame?" Eti ni nini hii. Nikafurahi, juu hakuna Mubelgiji aliyewahi kuniuliza habari ya kinu. Nikaisimamisha pale chini, nikafunga kitenge, nikashika muchi, nikamuonyesha: unasimama hivi, unaponda hivi, na unaimba, juu bila wimbo sombe haiivi vizuri. Nikaimba. Watu wa mustari wakapiga makofi. Yule kijana alicheka mpaka akapangusa macho, akasema passez, maman, passez. Nikapita kama bibi-harusi.

Jumamosi Dady akapiga simu, atakuja kuchukua kinu saa kumi ya muchana, na nikamusimulia namna niliimba kwa duane. Nikaiangalia ndani: vumbi ya mbao tupu. Sasa jamani, kwetu Butembo muntu mwenye adabu hatoe kinu mupya bila kuifungua. Unaponda majani kwanza, unatupa, unaponda tena, unatupa, mpaka maji itoke safi. Kama si vile, bibi ya watu atakula mbao. Jérôme ni mwanaume, hayo angeyajua wapi? Nikasema acha niifungue miye, iwe heshima. Nikaita rafiki yangu Sidonie, tunaimba naye kwenye korali, na mikono yake inaweza kuinua friji. Akapita Matonge, kwa maduka ya Waafrika, akaleta majani ya muhogo.

Shida ya kuponda kwangu ni Monsieur Mathieu. Mimi niko étage ya nne, yeye ya tatu, mzee na paka yake, na kitanda yake iko chini ya jikoni yangu. Anapenda kulala muchana. Mwaka uliopita tuliponda mara mbili na kinu ya kuazima, na mara mbili aliita polisi, na mara mbili walifika sombe ikiwa bado kwenye kinu, wakanionya tu bila kuandika kesi. Ndiyo maana tulitandika blanketi mbili chini, na Sidonie akaanza polepole.

Lakini Sidonie hajui polepole. Pwa! Pwa! Pwa! Kinu ikalia kraa, na chini yake ikabanduka kama kifuniko.

"Tumeharibu kinu ya watu! Sidonie, haya gani hii? Nitamuambia nini Jérôme?" Nilikuwa nimeshafungua droo zote natafuta gundi, ndipo nikaona Sidonie ameinama, anaingiza vidole chini ya kinu. Chini ya kinu walichimba shimo, na ndani kulikuwa vipande ine vimefungwa na kitambaa, sawa na sabuni za hoteli. Vilikuwa vya manjano na vizito.

"Kahambu," akasema, "hii si sabuni."

Nikaketi pale pale juu ya majani. Sikuwaza utajiri, Mungu ananiona. Niliwaza Tatiana. Niliwaza alhamisi, niliona ile dosiye wanaifunga na mutoto wangu anabaki kule sababu ya kinu. Machozi ikatoka yenyewe.

"Gundisha, umupe, ufunge kinywa," Sidonie akasema. Nilifikiri. Sitawadanganya, nilifikiri kabisa kufanya vile.

Halafu Dady akapiga simu tena. "Maman yangu," sauti ya asali, "niko njiani, eh? Asante sana, maman." Akaweka simu mufukoni bila kuikata, bwana mukubwa. Nikamusikia anaongea na mwenzake: "Ule maman? Bwege kabisa! Alipita duane akiimba! Mwezi wa nane tutamubebesha ingine. Na akikamatwa, ni shauri yake, sisi hatumujue."

Bwege! Miye niliyetoka Goma na miguu! Miye ninayemuosha muntu wa kilo mia moja peke yangu! Na kumbe niliimba pale mbele ya watu wote, na wao walikuwa wananicheka! Machozi ikakauka mara moja.

"Sidonie, rudisha sabuni yao ndani, finika. Ondoa blanketi. Ponda."

"Niponde nini? Kinu imepasuka!"

"Ponda sakafu! Ponda mpaka Mathieu aruke kitandani!"

Juu nikiita polisi mwenyewe, wanakuta dhahabu kwa nyumba yangu, na mimi niko na neno langu tu. Nilitaka Mathieu awaite, waikute mukononi mwa Dady, mwenye nayo.

Dady akafika, viatu ya kuchongoka, marashi mpaka ndani ya kabati. "Maman, kinu yangu iko wapi?" Nikamuketisha. "Kunywa chai kwanza, mwana wangu. Na Jérôme, ni mudogo wako wa baba au wa mama?" Jikoni Sidonie anaponda, pwa, pwa, vikombe vinaruka mezani. Nikamuongeza sukari. Akatazama saa, nikamuongeza chai.

Kengele ikalia. Polisi wawili, mwanamuke na mwanaume murefu, na nyuma yao Monsieur Mathieu na pantufu zake za nyumbani, mwekundu kama pilipili. Yule mwanamuke akaingia jikoni, sisi wote nyuma yake, akauliza kinu hii ni ya nani.

Nikatoa macho ya ujinga. "Madame, miye sijue sana. Miye nabebaga tu vya watu."

Dady hakutaka polisi wakae hata dakika moja. Akaruka. "Ni yangu, madame! Naiondoa sasa hivi, hamutasikia kelele tena."

"Ni yako?" nikauliza na Kifaransa, polepole, kila mutu asikie.

"Ni yangu!"

"Yote? Na ya ndani?"

"Maman, yote ni yangu, yote!" Akaikumbatia, akainyanyua kwa nguvu.

Chini ikabaki chini. Sabuni ine zikaanguka kwenye karo za sakafu, ko, ko, ko, ko, moja ikateleza mpaka kwenye pantufu ya Mathieu.

"Si yangu!" Dady akapiga kelele.

"Ah non!" Mathieu akasema, kidole juu. "Amesema mara tatu ni yake. Mimi nimehesabu." Jamani, ule mzee! Nilitaka kumubusu na paka yake pia.

Dady wakamupeleka, na miye nilitoa maneno yangu yote kwa polisi mpaka jioni, na simu, na Jérôme na kravati yake. Mwishoni nikauliza, na niliogopa kuliko siku ya vita: "Madame, na dosiye ya mutoto wangu?"

"Wewe ni shahidi, madame," yule mwanamuke akasema. "Shahidi hana kesi." Akaandika hayo kwa karatasi, akapiga muhuri, akanipa. Alhamisi niliweka ile karatasi juu ya zingine zote. Mwanamuke wa biro akasoma, akanitazama, akasoma tena. "Ni wewe?" Ni miye, nikamuambia, na nikanyoosha mugongo.

Tatiana alifika mwezi wa kumi na moja. Alipotoka pale mulangoni, murefu kunipita, koti ya kuazima, nilipiga vigelegele mpaka Zaventem nzima ikageuka. Akaficha uso kwa bega yangu. "Maman, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie," nikamuambia. "Miaka kumi na moja nimekulilia kimya, juu wazee wasiamke. Furaha siiwezi kimya."

Nikapiga tena, na safari hii akapiga na yeye.