Waridi Ndani ya Pipa

Mke wangu hakunigombeza. Alitundika shuka la buluu kwenye kamba, nje ya dirisha la karakana yangu, akaningoja nipasue mbao kwa msumeno wa umeme, kisha akaniita nije niandike jina langu juu ya shuka kwa kidole. Nikaandika. Likasomeka.

“Mwandiko mzuri,” akasema. “Shule ya jioni haikupotea bure. Sasa nisikilize, mzee. Jumamosi nafua tena. Nikikuta vumbi la mbao kwenye nguo zangu, msumeno unauzwa na chumba hiki anapewa kaka.”

Kaka yake, yaani shemeji yangu, ni fundi cherehani. Alikuwa mlangoni, futi yake ya kupimia imening’inia shingoni, na kabla sijajibu neno alikwisha kuingia kupima ukuta.

“Cherehani mbili zitakaa hapa,” akasema. “Ya tatu pale unapokaa wewe, shemeji, ukijifanya unafikiri.”

Ni kweli nilikuwa nafikiri. Kitega vumbi nilikwisha kukitengeneza mwenyewe: pipa la bati lenye mfuniko, bomba moja likiingia kwa ubavu kutoka kwenye msumeno, jingine likitoka juu kwenda kwenye mashine ya kuvuta hewa, ambayo pumzi yake hutokea dirishani. Hewa ikiingia pipani kwa ubavu huzunguka kwa kasi, vumbi likatupwa pembeni na kuporomoka chini. Hayo niliyasoma shule ya jioni nikiwa tayari nina wajukuu. Katika mtihani nilikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa amekaa nyuma yangu, mahali pazuri pa kuona majibu.

Tatizo ni kwamba kimbunga changu hakikujua pa kukomea. Kilishuka hadi chini, kikaliamsha vumbi lililokwisha kulala, kikalipandisha tena, na mashine ikalitema dirishani, moja kwa moja kwenye nguo za mama watoto.

Pipa lilitaka kizuizi: kitu cha duara kilale katikati, chenye mwanya mwembamba ukingoni, umbo la mwezi mchanga. Vumbi lipenye mwanyani lishuke, kimbunga kibaki juu kikicheza peke yake. Kukichora hakukunipa taabu. Cha kwanza nilikikata kwenye boksi gumu, mashine ikakinyanyua kikaziba bomba. Cha pili, cha plaiwudi, kilikuwa kinene mno, maranda yakakwama mwanyani kama watu wanaogombea mlango mmoja. Nilihitaji kitu chembamba lakini kigumu, laini, duara kamili, chenye upana wa pipa.

Alhamisi jioni mke wangu akaniletea chai juu yake.

Lilikuwa sinia la bati lenye waridi nyekundu, zawadi ya shemeji siku ya harusi yetu. Nilikunywa chai polepole, macho yakiwa kwenye waridi. Kisha nikaomba ya pili, nipate kulipima kwa shibiri.

“Leo una kiu,” akasema.

“Kazi ya kichwa inakausha koo.”

Ijumaa alipokwenda sokoni nikalikata ule mwanya ukingoni kwa mkasi wa bati, kingo nikazipiga tupa. Upande usiokatwa niliuweka chini ya mdomo wa bomba, ili upepo upate kwanza pa kutelezea, ndipo ukutane na mwanya. Nikalikaza kwa skrubu, waridi juu, kwa sababu chini kulikuwa na kutu.

Jumamosi shuka likatundikwa. Shemeji alifika na cherehani moja kabisa, akaitua kizingitini. Mimi nikapasua ubao mzima bila kumtazama. Nilipozima msumeno, mke wangu alipitisha kiganja juu ya shuka, akakiangalia, akapitisha tena.

“Safi,” akasema.

“Litaachaje kuwa safi?” shemeji akadakia. “Mashine haivuti kitu, dada. Ameilegeza ipige kelele tu. Vumbi liko chini ya meza, au kalimeza mwenyewe.”

“Liko ndani ya pipa,” nikasema.

“Basi fungua tuone.”

Hapo ndipo nilipozikumbuka waridi.

“Pipa halifunguliwi likiwa la moto,” nikasema.

Mke wangu akaliwekea mkono. “La baridi kama mtungi. Fungua, mzee.”

Shemeji akanyanyua cherehani yake, akavusha mguu mmoja ndani. Nikauona msumeno wangu ukiondoka. Nikafungua mfuniko.

Waridi zilikuwa zinang’aa, kana kwamba zimetoka kuoshwa. Nikalegeza skrubu, nikalitoa lile sinia, na chini yake vumbi lilikuwa limelala, laini, limejaa karibu nusu ya pipa.

“Dada,” shemeji akasema, “hilo si sinia langu?”

“Lilikuwa.”

“Nililipakata mapajani safari nzima, lisipate hata mkwaruzo.”

“Najua, kaka. Kila mgeni akishika kikombe unamsimulia hayo mapaja yako. Miaka yote hii nimekosa namna ya kulitupa.” Akanigeukia. “Ulilipima lini?”

“Ulipoleta chai ya pili.”

Alicheka mpaka akajishikilia kwenye kamba ya nguo. Nikaanza kucheka naye, na hapo nilikosea, kwa sababu yeye alikwisha kunyamaza.

“Msumeno unabaki,” akasema. “Ila kaka yangu hajanywa chai, na mimi sina tena cha kubebea.”

Nikaleta kikombe mkononi. Nikarudi kufuata sukari. Nikarudi kufuata kijiko. Shemeji, ameketi juu ya cherehani yake, akaniuliza kama maziwa yapo.

Kizuizi kinafanya kazi vizuri sana, na shuka halina doa. Sinia la nyumba hii sasa ni mimi. Shemeji naye amegeuka mpenzi mkubwa wa chai: huja jioni na mafundi wake wote, na kila mmoja anataka sukari yake mbali.