Mkuyu wa Bibi Mkunga

Siku ya tatu tangu mkewe amnunie, mkata miti alipanda juu ya mkuyu, huku kamba ya kuteremshia matawi ikiwa mikononi mwa huyohuyo asiyemsemesha.

Kosa lake lilikuwa la kikazi. Bibi Mkunga, mkunga mstaafu mwenye mti huo, alikuwa ameuliza kama mtu mmoja atatosha kushika kamba. Mkata miti akajibu kwa kujidai, "Mke wangu peke yake anatosha, Bibi. Ni mzito huyu, gogo haliwezi kumwinua." Kwa watu wa kamba, hiyo ni sifa kubwa. Mwenye akili zake angeishia hapo. Yeye akaongeza kwamba kila mwaka mkewe anazidi kufaa.

Tangu hapo mama watoto alikuja kazini, akafunga kamba na kukunja kamba, mdomo kimya. Akiwa na neno, alimpitishia Bibi Mkunga.

Na kazi yenyewe haikutaka mzaha. Tawi kubwa la mkuyu ule mzee, lililokauka nusu, lilikuwa limelala juu ya paa la jikoni kwa jirani. Ofisi ya mji ilisema lipunguzwe kabla ya saa sita mchana siku hiyo, la sivyo mti wote uangushwe. Lakini kwenye tawi hilohilo, karibu na shina, palikuwa na tundu, na ndani yake hondohondo jike alikuwa amejifungia na mayai yake. Ndivyo walivyo ndege hawa: jike huziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba, na dume humletea chakula ufani. Mkata miti alikuwa amemwahidi Bibi kwamba atakata vipande kuanzia nchani, abakize kigutu chenye tundu. Tawi likipasuka, ndege hana pa kukaa na mti unakuwa kuni.

"Mwambie kipande cha kwanza kinakuja!" mkata miti akamwitia Bibi.

Bibi Mkunga akamgeukia mke, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake. "Mumeo anasema kipande kinakuja."

"Mwambie sijaziba masikio."

"Anasema yuko tayari, mwanangu!" Bibi akaita juu. Miaka arobaini ya kuzalisha ilikuwa imemfunza kwamba si kila neno la mwanamke mwenye uchungu linafaa kumfikia mumewe.

Kipande cha kwanza kikashuka salama, na cha pili vilevile. Cha tatu ndicho kilichokuwa cha mwisho. Mke aliona mahali mumewe anapoweka msumeno, akashtuka.

"Mwambie hicho kikubwa mno, akigawe mara mbili. Kichwa kigumu yule!"

"Anasema ni kikubwa," Bibi akaita, "lakini anakuamini!"

Anakuamini! Siku tatu mwanaume hajasikia neno zuri, kifua kikamjaa. Akakikata kizimakizima.

Kipande kikaporomoka, kamba ikakaza, na mkewe akapaa. Bibi Mkunga akamdaka miguu na kuning'inia naye, akipiga mayowe ambayo wanawake wote aliowazalisha, kwa pamoja, hawakuwahi kuyafikia. Kipande kikayumba, kikagonga kigutu, kisha kikasimama shubiri moja juu ya bati la jirani. Udongo ukamwagika kutoka tunduni.

"Mke wangu! Umeumia?"

"Niko mzima! Mwangalie ndege!" Neno lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Wakateremsha kipande taratibu. Mkata miti akasogea kuchungulia. Kigutu hakikupasuka, lakini ufa wa udongo ulikuwa umepanuka, na ndani hapakusikika kitu. Akaona aibu, na hofu ikamshika kweli. Bwana wa ofisi ya mji alikuwa ameshafika, akatazama tawi, akatazama saa, akasema hatari imekwisha na mti ubaki. Hakuna aliyemshukuru. Wote walikuwa wanatazama tundu.

Dume akaja na tunda mdomoni. Akagonga. Kimya. Akagonga tena, akainamisha kichwa, akasubiri. Bibi Mkunga alikuwa ameushika mkono wa mke bila kujijua.

Kisha mdomo mkubwa ukachomoza, ukanyakua tunda, ukarudi ndani. Punde si punde jike akaanza kuziba ufa upya kutoka ndani, kwa hasira, udongo ukimrukia mumewe usoni. Dume hakuondoka.

Mkata miti akaegemea shina, machozi yakimtoka.

"Mwambie..." mke akaanza. Bibi akavuta pumzi ya kuita, lakini mke akamzuia, akainua uso mwenyewe.

"Baba watoto! Shuka polepole. Ukianguka, nitamnunia nani?"